Katoto ka Manzi

Aliyelikosa gazeti la wiki jana asisikitike sana. Mikosi ya Manzi Védaste ni kama mvua ya Cyangugu: ukiikosa ya leo, ya kesho iko njiani.

Kwa ufupi, mambo yalikuwa hivi. Manzi ni polisi asiyevaa sare. Alizaliwa Bukavu, akakulia mtaa wa Kadutu, akarudi Rwanda na wazazi wake akiwa kijana, na sasa anakaa Gihundwe na mkewe Sandrine na binti yao Jolie. Kazi yake ni kushinda ufukoni Nkanka akijifanya mchuuzi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Anamchunguza mwenye mtumbwi mmoja aitwaye Bashige, ambaye inasemekana huvusha bunduki akizilaza chini ya samaki.

Polisi mwenzake mmoja alipokabwa pale ufukoni akanyang'anywa bastola yake, mkuu wao, Afande Kamali, aliwapa askari wake wa kiraia silaha ya pili. Ilikuwa bastola ndogo, inayojaa kiganja tu, ya kufungwa kwa mkanda wa ngozi juu ya kifundo cha mguu, ndani ya suruali. Hiyo ni ya akiba. Kubwa ikikwama au ikichukuliwa, ndogo ndiyo itakayokurudisha kwa watoto wako.

"Nguvu yake ni siri," Kamali aliwaambia. "Siku mtu wa pili atakapojua unayo, ujue huna. Hata mke."

Askari wakaipa jina. Wakaiita katoto.

Basi Ijumaa asubuhi Manzi alikuwa nyuma ya jiko, simu sikioni, akiripoti kama alivyoagizwa. "Katoto kako salama, Afande. Nalala nako karibu. Hapana, nyumbani hakuna anayekajua. Sandrine? Akijua ataniua."

Alipogeuka, Sandrine alikuwa amesimama nyuma yake na beseni la nguo.

Beseni halikuanguka. Mwanamke aliyezoea kuvuka daraja la Rusizi na mzigo kichwani haangushi beseni ovyo. Aliliweka chini taratibu, akajifuta mikono kwenye kitenge, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Papa Jolie, kako na miaka ngapi?"

"Nini?"

"Katoto. Kale kenye unalala nako karibu."

Manzi alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale pale, chini ya soksi yake ya kushoto. Kuinua suruali kidogo tu kungetosha. Lakini masikioni alisikia: hata mke.

"Ni mambo ya kazi," akasema.

"Mambo ya kazi." Sandrine alitikisa kichwa polepole. "Eee. Papa yangu naye ilikuwa mambo ya kazi. Ile kazi yake ilizaa batoto batatu kule Uvira."

Hapo kila kitu kikaanza kujipanga kichwani mwa Sandrine. Mume aliyekuwa anaoga mlango ukiwa umefungwa. Mume aliyelala na soksi. Mume aliyegeukia ukutani kila alipovua suruali.

"Na mimi nilifikiri uko na kidonda," akasema, na hapo sauti ikamkatika kwa mara ya kwanza. "Nikaombea muguu yako! Kwa kikundi ya bamama, nikasimama, nikasema, mumuombee bwana yangu muguu!"

Akaokota beseni lake, akaenda kumpigia simu mama yake.

*

Mama yake ni Maman Marguerite wa Bukavu. Watu wa Rusizi ya Kwanza, pale mpakani, wanamjua. Anavusha unga, anavusha vitenge, anavusha habari, na katika hivyo vyote habari ndizo haziwahi kukaguliwa.

Manzi alijua kuwa kufikia Jumamosi mchana mama huyo atakuwa sebuleni kwake. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi alimkimbilia mkuu wake.

"Afande, naomba ruhusa nimwonyeshe mke wangu katoto."

Afande Kamali alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Mkeo anauza nini?"

"Vitenge."

"Sokoni Kamembe?"

"Ndiyo, Afande."

"Na mama mkwe wako anavuka mpaka kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Basi ukimwonyesha mkeo asubuhi, jioni Bukavu nzima itajua kako kwenye mguu gani." Akauma ndizi. "Ameshaamini una mtoto?"

"Ameamini kabisa."

"Basi una mtoto."

Manzi alifikiri amesikia vibaya. "Afande, mimi sina mtoto wa nje."

"Manzi, nisikilize. Kumtungia askari uongo wa kuaminika ni kazi ya miezi. Wewe umetungiwa na mke wako mwenyewe, bure, na familia nzima inakuja kuupigia muhuri. Halafu unataka kuuvua? Kubali. Kazi ya Nkanka ikiisha, nitakuja mimi mwenyewe nyumbani kwako na sare yangu, nimweleze mkeo."

"Na ndoa yangu, Afande?"

"Ndoa inapona. Niangalie mimi."

Manzi alimwangalia. Afande Kamali alikuwa ameachika mara mbili, na alikuwa anakula ndizi kwa kifungua kinywa, peke yake, ofisini, siku ya Jumamosi.

Lakini amri ni amri.

*

Maman Marguerite hakuja peke yake. Alikuja na mdogo wake, Mzee Néhémie, shemasi wa kanisa lao, kwa sababu mama mkwe hamhukumu mkwe wake uso kwa uso. Yeye alikaa pembeni karibu na dirisha, kitenge mabegani, akitazama nje. Maneno yalipitia kwa Néhémie.

Néhémie aliomba kwanza. Aliomba kwa urefu. Aliwaombea wote waliomo ndani ya nyumba, na waliozaliwa ndani ya nyumba, na kwa kuinua sauti kidogo, waliozaliwa nje ya nyumba.

"Amina," akasema. "Sasa, mukwe wetu. Tumevuka maji kuya kusikia ukweli kutoka kinywa yako."

Sandrine alikuwa na ungo wa maharage mapajani. Alikuwa anachambua. Hakuinua uso.

Manzi alitoa pumzi. Alikuwa amedhani itamuwia vigumu. Kumbe uongo ulitoka kama maji.

"Ni kweli, Mzee. Niko na mutoto inje."

Sandrine alitupa jiwe. Halafu akatupa harage zima. Halafu jingine. Manzi alitamani Sandrine apige kelele, amrushie ungo wote usoni. Lakini mke wake aliendelea tu kutupa maharage mazima sakafuni, moja moja, kana kwamba hayo ndiyo yaliyooza.

"Ni mwanaume ao mwanamuke?" Néhémie akauliza.

"Mwanamuke."

"Mama yake ni nani?"

Hilo Manzi hakuwa amejiandaa nalo, na Kamali hakuwa amemwandalia. Kichwani mwake mlikuwa na jina moja tu la kanisani, nalo lilikuwa lake mwenyewe.

"Véda..." akasema. Hakuweza kurudi nyuma. "Védastine."

Maman Marguerite alisahau kwamba hasemi na mkwe. Alijipiga paja.

"Védaste na Védastine! Balilinganisha mpaka na majina!"

"Anakaa wapi?" Néhémie akauliza.

"Nkanka, kule kazi inanituma kuuza sambaza," akasema Manzi, kwa sababu miezi yote hiyo hakuwa amefika mahali pengine.

 Nje moto mbili, zile pikipiki za abiria, zilipanda mlima kuelekea hospitali. Manzi alingoja matusi. Alingoja Sandrine aambiwe afunge virago avuke mpaka. Badala yake Maman Marguerite aligeuka kutoka dirishani, macho yamemlowa.

"Mutoto hana kosa," akasema. "Mutoto aletwe hapa."

"Maman!" Sandrine akaruka.

"Nyamaza, binti yangu. Mimi nililea bale batatu ba Uvira. Nilibachukia mwaka muzima, nikibapikia. Leo papa yako iko wapi? Alishakufa. Na mimi nikigonjwa, ni nani banakuya kunikamatia mukono? Ni bale ba Uvira. Weye uko bize na vitenge vyako."

 Sandrine alichukua ungo akaenda jikoni.

Manzi, kwa upande wake, alijisikia nafuu kidogo, na hilo ndilo lililomponza. Alijiambia: wanataka mtoto, mtoto hayupo, na kisichokuwepo hakiletwi. Nitawazungusha wiki mbili, tatu, mpaka kazi iishe. Usiku alilala kwenye kochi na katoto kake mguuni. Hakajawahi kuwa kazito namna ile.

*

Jumapili asubuhi alimkuta Sandrine peke yake mezani na Jolie, wakinywa chai. Mzee Néhémie alikuwa uani, anasoma Biblia.

"Maman iko wapi?"

"Ameenda Nkanka," akasema Sandrine, bila kumwangalia.

Chai ilimpalia Manzi kabla hajainywa. "Nkanka kufanya nini?"

"Kuleta mutoto yako."

"Lakini hajui muntu kule!"

"Anajua jina."

Manzi alitoka nje akampigia Kamali. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena. Kamali huzima simu Jumapili, akisema hata Mungu alipumzika. Bastola kubwa ya Manzi nayo ilikuwa imepumzika, imefungiwa kituoni, kwa kuwa siku ya mapumziko askari huiacha huko. Aliyebaki naye kazini alikuwa katoto tu.

Alijituliza. Mama mzee atapanda moto, atauliza uliza, atachoka, atarudi na sambaza za kukaanga. Nkanka ni kubwa. Védastine ni jina tu.

Saa za mchana alisikia sauti ya mama mkwe kabla hajasikia moto yenyewe.

"Ni hapa! Ni hapa! Simama, utatupitisha!"

Moto zilikuwa mbili. Ya kwanza ilimbeba Maman Marguerite. Ya pili ilimbeba mwanamke mrefu, kilemba chake amekishusha mpaka kwenye nyusi, na mbele yake, katikati ya mikono yake, kasichana kenye miaka kama minne, kanakodoa macho.

"Tumemupata!" Maman Marguerite alishuka akiwa ameloa jasho na ushindi. "Néhémie, kuya! Sandrine, kuya! Mungu ni mukubwa. Nilifika pale soko ya pembeni ya maji, nikasimama katikati, nikauliza: ni nani anamujua Védastine mwenye mutoto asiyekuwa na papa nyumbani? Banamuke bakanyamaza. Nikabaambia, musiogope! Papa ya mutoto ametubu! Ni mukwe yangu Manzi, ule mwenye anakuyaka kuuza sambaza hapa kila siku, kumbe ni polisi wa Gihundwe!"

Manzi akatupa jicho barabarani.

"Maman... ulisema polisi? Sokoni?"

"Na sauti yote! Kwani ni haya? Polisi si muntu?"

Miezi miwili ya kujifanya mchuuzi. Miezi miwili ya kunuka samaki. Siri ya katoto ilikuwa bado iko salama kabisa, kama Afande alivyotaka. Ni zile siri nyingine zote ndizo zilizokwisha.

"Na huyu," Maman Marguerite akamsukuma mwanamke mbele, "alikuwa ananyamaza pale nyuma. Nikasema polisi, akanyamaza tena kidogo, alafu akasema: ndiyo, Maman, ni mimi."

Ni mimi? Manzi hakuwahi kumwona mwanamke huyu katika maisha yake.

Mwanamke alimsogelea kumsalimia. Alimkumbatia kama watu wanavyokumbatiana huku kwetu, mikono mabegani, kichwa upande huu, kichwa upande ule. Na kichwa kilipokuwa upande ule, mbali na masikio ya familia, Manzi aliona kilichokuwa chini ya kilemba. Jicho moja lilikuwa limefumba, limevimba, rangi ya biringanya.

"Afande, usinikane," alinong'ona. "Papa ya huyu mutoto ni Bashige. Najua kwenye anaficha zile bunduki, nilishaziona. Nilikuwa natafuta njia ya kukimbia, na maman yako ndiye ameniletea njia. Ukisema hunijue, batanirudisha kwake. Sitaamka kesho."

Akamwachia.

Manzi alibaki amesimama katikati ya ua wake. Upande mmoja, Sandrine alikuwa mlangoni, mikono amekunja kifuani. Midomo ilikuwa imemkauka tangu Ijumaa. Neno moja tu lilikuwa linatosha: simjui. Mwanamke huyu simjui, mtoto huyu simjui, yote ni uongo. Na lingekuwa neno la kweli. Lingemrudisha chumbani kwake jioni ile ile.

Upande mwingine, mwanamke mwenye kilemba alikuwa ameshika mabega ya mtoto, akimvuta karibu naye.

Shahidi. Miezi miwili kikosi kizima kilimtafuta shahidi mmoja. Mama mkwe alikuwa amempata kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, akampakia kwenye moto, akamleta mpaka mlangoni.

"Karibu nyumbani, Védastine," Manzi akasema. "Mutoto amekua."

Maman Marguerite alipiga kigelegele. Néhémie alisema haleluya. Sandrine aligeuka akaingia ndani, na Manzi akajua sasa amemaliza, sasa hana mke.

Lakini Sandrine alirudi. Alikuwa na kiti mkono mmoja na sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo mkono mwingine. Akaweka kiti mbele ya yule mwanamke bila kumwangalia.

"Mutoto akule kwanza," akasema. "Mengine tutaongea baadaye."

"Anaitwa nani?" Jolie akauliza.

"Dative," akajibu mwanamke, ambaye sasa alikuwa Védastine.

Dative alikula kwa mikono miwili. Sandrine alimwangalia mtoto, akamwangalia mumewe, akamwangalia tena mtoto.

"Hamufanane," akasema. "Hata kidogo. Hata sikio."

"Batoto banabadilika," Mzee Néhémie akamtuliza.

Hapo moto ya tatu ikapanda mlima.

*

Haikuzima injini mpaka ilipofika kwenye ua wa miti. Aliyeshuka alikuwa mwanamume mfupi, mpana, shati jeupe la Jumapili, koti juu ya shati ingawa jua lilikuwa kali. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya koti.

Manzi alikuwa amemtazama mtu huyo kwa mbali siku nyingi. Hakuwahi kumwona kwa karibu. Kwa karibu Bashige alikuwa na uso wa upole, kama wa mtu anayekuja kuuliza njia.

"Hodi," akasema. "Amani kwenu. Nasikia hapa banagawa batoto."

Védastine alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Papa, karibu," Maman Marguerite akamwambia Bashige, maana ukarimu wake hauna macho. "Hatugawe. Tunakusanya."

Manzi alipiga hesabu haraka. Mkono ndani ya koti. Hatua kama kumi. Watoto wawili, wanawake watatu, shemasi mmoja. Bastola kubwa, kituoni. Siku aliyoisema Afande Kamali, siku ya katoto, ndiyo hii. 

Tatizo lilikuwa moja. Silaha ya kifundoni haifikiwi mtu akiwa amesimama. Mazoezini alikuwa ameitoa mara nyingi, akijificha nyuma ya ukuta, hakuna anayemtazama. Hapa kila mtu alikuwa anamtazama yeye, wakingoja aseme kitu.

 Alipiga magoti.

"Yesu wangu!" Maman Marguerite akalia. "Anapiga magoti!"

Mkono wa Manzi ulikuwa umeshafika kwenye pindo la suruali. Ulikuwa umeshagusa ngozi ya mkanda. Ndipo kitu kizito, chenye joto, kikamshukia juu ya kichwa.

Kilikuwa kiganja cha Mzee Néhémie.

"Asante, Bwana!" shemasi akapaza sauti, macho amefumba, akikandamiza. "Mwanao ameshuka! Mbele ya bote ameshuka! Bwana, usimwinue mpaka umumalize!"

"Mzee," Manzi akasema akikaza meno. "Mzee, toa mukono."

"Shetani anasema nitoe mukono!" Néhémie akakandamiza zaidi.

Bashige alikuwa amesogea. Alikuwa anamtazama Manzi kwa dharau kidogo, kama mtu aliyetegemea kukutana na chui akamkuta mbuzi amelala. Hakuna anayemwogopa mtu anayeombewa.

Vidole vya Manzi vilifungua kifungo cha ala. Vikashika mpini. Sasa alihitaji nafasi tu ya kuinua mkono, na uwazi mbele yake.

Uwazi ukazibwa na kitenge cha kijani.

Sandrine alikuwa amekuja kusimama mbele yake, kati yake na Bashige, mgongo kwa mumewe. Alikuwa ameona yale aliyoyaona kila mtu: mume amepiga magoti kumwomba msamaha, mbele ya mama yake, mbele ya mwanamke mwingine, mbele ya mgeni asiyejulikana.

"Simama, Papa Jolie," alisema bila kugeuka, na sauti yake ilikuwa laini kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Si sasa. Tuko na mugeni."

Halafu akamwambia Bashige, na ulaini wote ukaisha.

"Papa, unatafuta nani?"

"Natafuta bibi yangu na mutoto yangu, Maman. Nibachukue, niende."

"Bibi yako simujue. Lakini huyu mutoto ni wa bwana yangu."

Bashige alicheka kidogo. "Wa bwana yako?"

"Amekubali mwenyewe. Mbele ya familia, mbele ya Mungu. Unafikiri ni kitu kidogo? Tangu Ijumaa nalia juu ya huyu mutoto. Nimemulilia sana mpaka amekuwa wangu. Sasa weye unatoka mu barabara, na moto, na koti, unasema ni yako? Ulimulilia siku gani?"

Manzi, chini ya kiganja cha shemasi, bastola mkononi, aliona mgongo wa mkewe tu. Alitaka kumwambia: sogea. Alitaka kumwambia: sogea, mke wangu, huyu mtu ana silaha, na mimi nina silaha, na mtoto si wangu. Lakini angesema lipi kwanza? Kila neno la ukweli alilokuwa nalo lilikuwa linamvutia risasi mtu mmoja kati ya waliokuwa pale uani.

"Sandrine," akasema tu. "Kuja nyuma yangu."

"Niko sawa hapa," akajibu.

Bashige aliacha kucheka. Alimtazama Sandrine, akamtazama Védastine aliyekuwa amejibanza ukutani, akahesabu na yeye hesabu zake. Mkono wake ulicheza ndani ya koti, ukatulia.

"Maman, nakuheshimu," akasema. "Sikuje kupigana na mwanamuke Siku ya Bwana. Tusisumbuane. Mutoto si jiwe, iko na mudomo. Tumuulize yeye mwenyewe."

"Aulizwe," akasema Sandrine haraka, na Manzi akafumba macho.

Bashige alichuchumaa pale alipokuwa, uso ule wa upole ukiwa sawa na uso wa mtoto. Mkono haukutoka kwenye koti.

"Dative," akaita. "Dative, kipenzi. Bantu hawa hawajue. Baonyeshe. Papa yako ni nani?"

Néhémie aliacha kuomba. Kiganja chake kikawa chepesi kichwani pa Manzi, halafu kikaondoka kabisa. Védastine alijifunika mdomo kwa ncha ya kilemba, na jicho lile lililovimba likabaki wazi mbele ya kila mtu. Sandrine aliliona. Manzi alimwona akiliona. Alimwona akigeuza kichwa taratibu, kutoka kwenye lile jicho kwenda kwa mtu mwenye koti, na bega lake moja likapanda, kama la mtu aliyeelewa.

Dative alimeza bugali. Alimtazama mwanamume aliyechuchumaa, ambaye alimjua vizuri sana. Alimtazama mwanamume aliyepiga magoti, ambaye hakumjua isipokuwa kwa sahani moja ya chakula.

Kisha akainua mkono, wenye sombe mpaka kwenye kiwiko, akanyoosha kidole. Kwa nani, gazeti la wiki ijayo litasema.